Kipimo cha kidole: mwongozo kamili wa kutumia steroidi kwa pumu ya ngozi kali

"Nilipaka siku tatu, ikaisha, nikaacha, ikarudi na ndugu zake." Wengi wenye pumu ya ngozi (ekzema) hapa Dar es Salaam wanaongea hivyo hivyo, na wengi wao wanailaumu dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Kinachokosewa ni kiasi na siku: mtu anapaka kiduchu kwa kuogopa, au anaacha mapema, au anapaka dawa kali usoni miezi mitatu mfululizo, au anaacha ghafla vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, kwa sababu vimemwishia.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshapimwa na kuandikiwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Haukupi ruhusa ya kujitibu kwa kubahatisha, na sehemu ya vidonge ni ya kufuatana na daktari tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tyubu mbili tofauti. Moja ya mwilini, nyingine dhaifu zaidi ya usoni na mikunjoni. Mwenye tyubu moja ataipaka kila mahali, na hapo ndipo matatizo ya uso yanapoanzia.

Mafuta ya kulainisha yasiyo na harufu. Mafuta ya mgando meupe ya kawaida yanatosha. Mtu mzima ambaye ngozi yake imeharibika mwili mzima hutumia gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kwa hiyo kile kikopo kidogo cha mkobani hakitafika popote. Nunua kopo kubwa.

Sabuni laini isiyo na manukato, au mafuta maalumu ya kuogea yanayopatikana famasi. Sabuni ya mche, sabuni za "kuua vijidudu" na dodoki viondoe bafuni. Vinakwangua mafuta ya ngozi, na pumu ya ngozi tayari ni ngozi inayovuja maji yake.

Kijiko kisafi cha kuchotea mafuta koponi. Vidole vilivyotoka kukuna hupeleka vijidudu ndani ya kopo, na kila siku unajipaka tena vijidudu vyako mwenyewe.

Kikata kucha, nguo za pamba, daftari, na simu yenye kamera. Daftari ni la kuandika tarehe ya kuanza, idadi ya vipimo vya kidole (Hatua ya 4) na siku ya kuacha. Simu ni ya picha: piga mahali pale pale, asubuhi, karibu na dirisha, bila flashi. Kumbukumbu ya macho hudanganya, hasa pale muwasho unapokwisha kabla ya ugonjwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni pumu ya ngozi kweli

Steroidi hupunguza uvimbe na muwasho wa karibu kila kitu, hata wa magonjwa ambayo inayalisha. Ndiyo maana mtu mwenye fangasi anaweza kupaka, akapata nafuu siku nne, kisha fangasi ikatapakaa bila ule mviringo wake wa kawaida. Akifika kwa daktari, hata daktari anahangaika kuitambua.

Angalia haya kabla hujafungua tyubu:

- Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipotulia: fikiria fangasi. Simama, kapimwe.
- Muwasho mkali usiku, vipele katikati ya vidole, kiunoni, sehemu za siri, na watu wengine nyumbani wanajikuna: fikiria upele wa kuambukiza. Unatibiwa nyumba nzima siku moja, na steroidi haiuponyi.
- Mabaka manene yenye magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani: huenda ni soriasisi. Dawa ya kupaka inaweza kufanana, ila kwenye vidonge mambo ni tofauti kabisa. Tutarudi hapo.
- Ngozi iliyobadilika siku chache au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya, mathalani kotrimoxazoli, nevirapini, kabamazepini au alopurinoli: usipake chochote. Nenda hospitali na hiyo dawa mkononi.

Neno moja kuhusu zile krimu za mchanganyiko. Mteja anafika kwenye duka la dawa anasema, "Kaka, nipe ile ya kuondoa muwasho haraka." Anapewa tyubu yenye vitu vitatu ndani: betamethasoni, dawa ya fangasi, na dawa ya bakteria kama jentamaisini au neomaisini. Inaonekana ya busara, kwamba kimojawapo kitapiga. Kinachotokea ni kwamba steroidi inaficha dalili, dawa ya fangasi inaishia njiani kwa sababu mgonjwa anaacha muwasho ukikoma, na neomaisini yenyewe ni maarufu kwa kuleta mzio wa ngozi. Kwa pumu ya ngozi ya muda mrefu, tafuta dawa yenye kitu kimoja.

Na ikiwa unatumia mkorogo, au umewahi kuutumia mwaka huu, mwambie daktari bila kuona haya. Mikorogo mingi ina klobetasoli ndani yake. Maana yake huenda umeshakuwa kwenye steroidi kali kwa miezi bila kujua, na hesabu ya matibabu inabadilika.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja kwa sentensi moja una ugonjwa gani na nani kakuambia.

## Hatua ya 2: Linganisha nguvu ya dawa na mahali

Usidanganywe na asilimia kwenye boksi. Haidrokotisoni ya 1% ni dhaifu, na klobetasoli ya 0.05% ni kali kuliko zote. Nguvu iko kwenye jina. Namba haikuambii kitu mpaka ujue ni ya dawa gani.

- Dhaifu: haidrokotisoni 1%. Uso, shingo, kope kwa maelekezo ya daktari, kwapa, kinena, na watoto wachanga.
- Ya kati: klobetasoni, ambayo boksi lake husomeka Clobetasone butyrate 0.05%. Uso wa mtu mzima kwa siku chache ugonjwa ukiwa mkali, na mwili wa mtoto.
- Kali: betamethasoni valereti 0.1% au mometasoni 0.1%. Mikono, miguu, kifua, mgongo.
- Kali sana: klobetasoli, Clobetasol propionate 0.05%. Viganja, nyayo, na ngozi iliyokomaa kwa kukunwa. Isizidi gramu 50 kwa wiki, na kwa kawaida isipite wiki mbili mfululizo.

Soma mara mbili. *Clobetasone* na *Clobetasol* hutofautiana kwa herufi chache na kwa nguvu nyingi. Ukichanganya majina kwenye dirisha la dawa, mtoto atapakwa usoni dawa ya nyayo za mtu mzima.

Sababu ya kutofautisha sehemu ni unene wa ngozi. Kope na kinena hunyonya dawa mara nyingi zaidi kuliko kiganja. Kwapa na kinena tena hujifunika zenyewe na kutoa jasho, na Dar jasho halina likizo, kwa hiyo dawa inapenya zaidi. Dawa kali karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Chagua pia umbo la dawa. Marhamu, yaani ile yenye mafuta mazito inayong'aa, ni ya ngozi kavu na nene. Krimu ni ya ngozi inayotoa majimaji, na ya mchana wa joto. Losheni ni ya kichwani kwenye nywele. Marhamu hushinda krimu kwa kupenya, lakini mtu anayepanda mwendokasi saa moja asubuhi akiwa amepakwa marhamu mwili mzima hataipaka kesho. Dawa utakayoipaka kweli ndiyo bora.

## Hatua ya 3: Oga vizuri, lainisha mapema

Oga mara moja au mbili kwa siku, maji ya uvuguvugu au ya kawaida, dakika tano hadi kumi. Maji ya moto hutuliza muwasho kwa dakika chache, halafu unalipia usiku kucha.

Nyumba nyingi hapa hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Kama yako ni hivyo, malizia kwa makopo mawili matatu ya maji ya bomba, chumvi isikaukie mwilini. Jikaushe kwa kugandamiza taulo, usisugue.

Ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya kulainisha ukishuka kufuata uelekeo wa vinyweleo. Ukipaka kwa kupandisha unaziba matundu yake, na vijipu vidogo vinatokea.

Kuhusu joto: kuanzia Desemba hadi Machi, mafuta mazito mchana huzuia jasho na kuleta vipele vya joto, ambavyo wengi hudhani ni pumu ya ngozi imeamka. Mchana tumia krimu nyepesi ya kulainisha, mazito yawe ya usiku, chini ya feni.

Onyo la moto. Kanga au shuka iliyoloa mafuta ya mgando kwa siku nyingi hushika moto haraka sana, na kufua hakuyatoi yote. Usisogelee jiko la mkaa wala mshumaa ukiwa umeivaa.

Kisha subiri dakika 15 hadi 30 kabla ya steroidi. Ukiipaka juu ya mafuta mabichi, inasambaa hadi mahali ambapo haitakiwi na inapungua nguvu pale inapotakiwa.

## Hatua ya 4: Pima kwa kidole

Hapa ndipo wengi hukosea.

Chukua kidole cha shahada cha mtu mzima. Kamua dawa mstari mmoja kutoka mkunjo wa kiungo cha mwisho hadi ncha ya kidole. Hicho ni kipimo kimoja, takribani nusu gramu. Kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Kwa mtu mzima, vipimo kwa upakaji mmoja ni hivi:

- Uso na shingo: 2.5
- Mkono mmoja kutoka bega hadi kifundo: 3
- Kiganja kimoja pande zote mbili: 1
- Kifua na tumbo: 7
- Mgongo na makalio: 7
- Mguu mmoja kutoka paja hadi kifundo: 6
- Unyayo mmoja, juu na chini: 2

Kwa mtoto unatumia kidole cha mtu mzima vile vile, ila vipimo vinapungua. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2: uso na shingo 1.5, mkono pamoja na kiganja 1.5, mguu pamoja na unyayo 2, kifua na tumbo 2, mgongo na makalio 3. Wa miaka 3 hadi 5: 1.5, 2, 3, 3 na 3.5 kwa mpangilio huo huo.

Sasa piga hesabu ambayo karibu hakuna anayeipiga dirishani. Mtu mzima ana ugonjwa mikono yote na miguu yote. Mikono ni 3 mara 2, sita. Miguu ni 6 mara 2, kumi na mbili. Jumla vipimo 18, yaani gramu 9 kwa upakaji mmoja. Tyubu ya kawaida ni gramu 15. Haifiki mwisho wa siku ya pili. Kwa siku kumi, akipaka mara moja kwa siku, anahitaji gramu 90, tyubu sita.

Yeye kapewa moja. Akaitandaza mwezi mzima. Kila siku anapaka kiasi cha kumtekenya ugonjwa tu, na mwisho anasema mwili wake umezoea dawa. Kumbe dawa hiyo mwili wake haujawahi kuipata ya kutosha. Ukiona hesabu yako imezidi tyubu ulizoandikiwa, rudi ukaseme, tena taja gramu.

Kidole pia kina hila yake. Kipimo hiki kinadhani mdomo wa tyubu una upana wa milimita 5. Ukiwa mwembamba, mstari unakuwa mwembamba na dawa inapungua. Kuhakiki, hesabu vipimo mpaka tyubu ya gramu 15 iishe. Inatakiwa kutoa kama 30. Ikitoa 45, basi mstari wako mmoja na nusu ndio kipimo kimoja.

Na usipime kwenye ngozi nzima iliyo salama. Pima eneo lenye ugonjwa tu, kwa viganja. Kiganja kimoja pamoja na vidole ni karibu 1% ya mwili. Ukihesabu zaidi ya viganja kumi, hilo si jambo la duka la dawa tena.

## Hatua ya 5: Paka

Mara moja kwa siku inatosha kwa dawa nyingi kali. Mara mbili ndiyo kikomo. Ya tatu haiongezi uponyaji, inaongeza madhara tu.

Weka vidoti vidoti juu ya eneo, kisha sambaza taratibu hadi ngozi ing'ae kidogo. Usisugue mpaka ipotee, wala usiache tabaka jeupe. Ukiona bado jeupe, umezidisha au umechanganya na mafuta mabichi. Nawa mikono baadaye, isipokuwa mikono ndiyo unayoitibu.

Usifunike kwa nailoni. Kufunika huzidisha unyonyaji mara nyingi na ni uamuzi wa daktari. Nepi ya mtoto nayo ni kifuniko.

Mama anayenyonyesha apake baada ya kunyonyesha, na chuchu aisafishe kabla ya mtoto kurudi. Mjamzito aseme mapema kliniki: dawa dhaifu na za kati kwa kawaida hazina shida, lakini kiasi kikubwa cha dawa kali katika ujauzito kimehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

## Hatua ya 6: Jua lini imefanya kazi, na lini uache

Maelezo mengi ya kitabibu yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Ugonjwa ulio hai huonekana kama weusi mzito, zambarau au kijivu, na huhisiwa zaidi kwa vidole: joto, uvimbe, ukwaruzo, vipele vidogo vilivyochomoza. Funga macho, pitisha kidole kwenye baka kisha kwenye ngozi ya jirani. Ukiwa huwezi kutofautisha, moto umezimika.

Mpangilio wa kawaida ni huu: muwasho hupungua siku ya 2 hadi ya 4. Uvimbe na ukwaruzo huchukua siku 7 hadi 14. Anayeacha siku ya nne kwa sababu hawashwi tena ameacha uvimbe ukiwa chini ya ngozi. Usoni, kwa dawa dhaifu, siku 3 hadi 7.

Baada ya hapo panabaki alama, nyeusi au nyeupe, laini kabisa. Hiyo ni rangi iliyovurugwa na ugonjwa wenyewe, na hurudi polepole kwa miezi. Usiendelee na steroidi kutafuta rangi. Ndiyo njia fupi ya kufika kwenye ngozi nyembamba kama karatasi, michirizi, chunusi, vinyweleo na mishipa inayoonekana.

Kwa ugonjwa unaorudi rudi, usiache kabisa. Ukishatulia, paka dawa ile ile siku mbili kwa wiki, tuseme Jumamosi na Jumapili, kwenye sehemu zile zile zinazopenda kuamka, hata kama leo ni laini. Mafuta ya kulainisha yaendelee kila siku. Baada ya miezi mitatu hivi, daktari apitie upya kama bado unahitaji.

Kama siku 14 zimepita kwa vipimo sahihi na hakuna mabadiliko, usipandishe dawa mwenyewe. Ama si pumu ya ngozi, ama kuna bakteria juu yake, ama unapata mzio wa kitu ndani ya dawa.

## Hatua ya 7: Vidonge vya prednisoloni

Vidonge hutumika pale ugonjwa umeenea sana au umemlaza mtu, kwa muda mfupi, wakati tiba nyingine inapangwa. Kwa soriasisi kwa kawaida huepukwa: vikikatwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa na usaha mwili mzima, au ngozi yote kuvimba na kubanduka.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha yamepimwa au kuulizwa haya:

- Sukari na presha. Prednisoloni hupandisha vyote viwili.
- Kifua kikuu: kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito. Dawa hii inaweza kukiamsha kilicholala.
- VVU na homa ya ini B. Taja ARV zako kwa majina. Zenye ritonaviri hupandisha steroidi mwilini, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha.
- Minyoo aina ya strongiloidesi. Huishi tumboni miaka bila dalili, na steroidi huipa nafasi ya kusambaa mwili mzima, hali inayoua. Pwani yetu ya joto na unyevunyevu inaifaa minyoo hii. Uliza kuhusu aivamekitini. Dozi moja ya albendazoli ya dawa za minyoo za kawaida haitegemewi kwa huyu.
- Vidonda vya tumbo, na kama unatumia diklofenaki au dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo. Vikikutana na prednisoloni, tumbo linaweza kutoka damu.

Namna ya kumeza: dozi yote asubuhi, baada ya chai na kitafunwa. Mwili hutoa kotisoli, steroidi yake ya asili, kwa wingi alfajiri, hivyo dozi ya asubuhi inafuata saa ya mwili. Ukimeza jioni utakodoa macho hadi adhana.

Kiasi mara nyingi huwa miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo. Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 60 aliyeandikiwa miligramu 30, yaani vidonge 6 vya miligramu 5, kwa siku 7, kisha apunguze kidonge kimoja kila siku 3. Hesabu: 42, halafu 15, 12, 9, 6 na 3. Jumla vidonge 87 ndani ya siku 22. Dirishani akipewa 42 akaambiwa "ukimaliza umepona", ngazi ya kushuka haipo. Ratiba yako ni ile ya daktari wako. Mfano huu ni wa kukufundisha kuhesabu kabla hujaondoka dirishani.

Kwa nini kushuka kwa ngazi? Tezi zilizo juu ya figo, zikiona steroidi inaletwa kutoka nje, hupumzika. Ukitumia zaidi ya wiki 3, au zaidi ya miligramu 40 kwa siku kwa zaidi ya wiki 1, au umerudia dozi hivi karibuni, haziamki siku hiyo hiyo. Ukikata ghafla unapata uchovu mkubwa, kichefuchefu, kutapika, presha kushuka, kuzimia.

Kosa jingine ni kuacha kupaka kwa sababu "nipo kwenye vidonge". Endelea na Hatua ya 3 hadi ya 6 muda wote. Vidonge vinaposhuka, dawa ya kupaka ndiyo inayoshika zamu. Wasiofanya hivyo huona ugonjwa umerudi wakishuka hadi vidonge viwili kwa siku.

Ukisahau dozi, imeze siku hiyo hiyo ukikumbuka. Kesho usimeze mara mbili. Ukipata homa, usiache vidonge, nenda hospitali, huenda dozi ikaongezwa kwa muda. Chanjo zenye virusi hai zisubiri. Ukiwa hujawahi kuugua tetekuwanga na umekaa na mwenye nayo, ripoti siku hiyo hiyo.

Kuhusu ile "sindano ya mwezi" ya triamsinoloni inayochomwa makalioni: ni rahisi kuipenda kwa sababu inafanya kazi haraka. Lakini ikishaingia haitoki, hufanya kazi kwa wiki kadhaa hata kama sukari imepaa. Pale ilipochomwa panaweza kubonyea na kupauka. Na kwa aliye kwenye ARV zenye ritonaviri ni hatari ya kweli. Ukichomwa, uliza jina na miligramu, andika daftarini.

## Dalili za kukupeleka hospitali leo

Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya ngozi, na kwa kawaida unafika huko kwa rufaa. Lakini kwa haya usisubiri foleni ya kliniki, nenda dharura:

- Malengelenge madogo yaliyokusanyika, au vidonda vidogo vya duara kama vimetobolewa, pamoja na homa. Ni virusi vya hepesi juu ya pumu ya ngozi. Karibu na jicho ni dharura ya jicho.
- Ukoko wa rangi ya asali, usaha, ngozi inayouma kuliko inavyowasha.
- Vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, ngozi inayochubuka ukiigusa.
- Karibu mwili wote umevimba na kubanduka, unatetemeka kwa baridi wakati nje kuna joto.
- Kuona ukungu, choo cheusi kama lami, kiu isiyokatika na mkojo wa mara kwa mara.
- Kutapika, kizunguzungu au kuzimia baada ya kuacha vidonge. Sentensi ya kwanza mlangoni iwe: "Nilikuwa natumia prednisoloni, nimeacha tarehe fulani." Aliyekusindikiza aijue pia sentensi hiyo, na abebe boksi la vidonge.